Modeli za magari ya zamani ya mbio za dragi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya anayeunga magari madogo ya plastiki na anataka gari lake lifanane na lile lililokimbia kweli robo maili ya Marekani, mbio fupi za mstari mnyoofu, kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Vipimo vya inchi ni vya gari halisi, vya milimita ni vya modeli.

Modeli "sahihi kihistoria" ni ipi hasa?

Ni ile inayojibu swali moja bila kubabaika: gari la nani, lini? Gari la dragi halikukaa vilevile. Injini iliyopasuka Jumamosi ilibadilishwa kabla ya Jumapili, mdhamini mpya alikuja na rangi yake, na sheria za msimu uliofuata zililazimisha kukata chuma upya.

Ndiyo maana kusema "dragsta ya Don Garlits", yaani gari refu la mabomba la dereva huyo maarufu, haitoshi. Garlits aliunda zaidi ya 30, akaziita Swamp Rat na kuzipa namba. Tarehe 8 Machi 1970, kwenye uwanja wa Lions huko California, giaboksi ilipasuka na kumkata sehemu ya mguu wa kulia. Chini ya mwaka mmoja baadaye alishinda mashindano ya Winternationals ya 1971 huko Pomona akiwa na Swamp Rat 14, injini ikiwa nyuma ya mgongo wake badala ya mbele ya uso. Dereva ni yuleyule, lakini ukichukua sehemu za gari moja ukaziweka kwenye lingine, umeunda gari ambalo halikuwahi kuwepo.

Kwa hiyo tafuta picha moja yenye tarehe kabla ya kufungua boksi. Picha nzuri isiyo na tarehe ina thamani ndogo kuliko picha mbaya yenye tarehe.

Kuna aina gani, na anayeanza aanze na ipi?

Anza na gasa. Hili lilikuwa gari la kawaida la barabarani, mara nyingi Willys ya 1933 au 1941, lililotiwa injini kubwa, pua ikainuliwa na likachoma petroli ya kawaida. Mwili wake wa chuma unafunika makosa mengi ya chini.

Manati ni dragsta ndefu ya mabomba ambayo dereva anakaa nyuma ya ekseli ya nyuma, kama jiwe kwenye manati, na jina likatoka hapo. Kila kitu kiko wazi, kila mshono wa gundi unaonekana. Iache iwe modeli yako ya tatu au ya nne.

Fanika, yaani "gari la kuchekesha", ilianza 1965, Chrysler ilipotoa Dodge na Plymouth ambazo ekseli ya nyuma imesogezwa mbele inchi 15 na ya mbele inchi 10 ili uzito ulalie magurudumu yanayosukuma. Zilionekana za ajabu, watu wakacheka. Mwaka 1966 timu za Mercury zikaja na Comet yenye mwili mzima wa faibaglasi unaofunguka kwa kuinuliwa, bawaba zikiwa nyuma. Ukitaka kugeuza seti ya kawaida ya Plymouth ya 1965 iwe hiyo ya ekseli zilizosogezwa, kwenye skeli ya 1/25 unakata na kusogeza ekseli ya nyuma milimita 15.2 na ya mbele milimita 10.2, zote kuelekea mbele. Matao ya magurudumu yahame pamoja na ekseli. Wengi husahau hilo la mwisho, kisha tairi inagonga mwili.

Skeli ya 1/24 na 1/25 zinatofautiana kiasi cha kujali?

Kwa mwili na chasisi, ndiyo. Willys ya 1941 ina inchi 104 kutoka ekseli hadi ekseli: kwenye 1/25 ni milimita 105.7, kwenye 1/24 ni milimita 110.1. Huwezi kuchanganya. Kwa injini, siti au parachuti, tofauti ya asilimia nne hakuna jicho litakaloiona. Matairi nayo yanachanganyika vizuri, kwa sababu hata magari halisi yalivaa ukubwa tofauti wiki hadi wiki.

Kati ya watengenezaji wa seti, AMT, MPC na Jo-Han walikaa zaidi kwenye 1/25, Monogram kwenye 1/24, na Revell ametumia zote mbili. Faida ya 1/25 ni hesabu: inchi moja ya gari halisi ni milimita 1.016, kwa hiyo ukisoma "inchi 10" unapima milimita 10 na kuendelea. Kwenye 1/24 zidisha inchi kwa 1.058.

Ninunue seti ya zamani au toleo jipya?

Kama unataka kuiunga, toleo jipya. Kampuni ya Round 2 ndiyo yenye AMT na MPC sasa, na Atlantis ilinunua kalibu nyingi za zamani za Revell na Monogram mwaka 2018, kwa hiyo seti nyingi za enzi hizo zimerudi sokoni kutoka kalibu zilezile. Utalipa sehemu ndogo ya bei ya boksi kuukuu lililofungwa, na stika zitakuwa nzima.

Tahadhari mbili. Kalibu iliyochoka huacha tando nyembamba za plastiki pembeni mwa sehemu, uzikwangue kwa wembe kabla ya kujaribisha. Pili, mwaka ulioandikwa kwenye boksi mara nyingi ni wa hakimiliki au wa kuchonga kalibu, si wa gari.

Nitajuaje kama seti yenyewe ina makosa?

Pima kabla ya gundi. Shika mwili, chasisi, ekseli na injini kwa vipande vya tepu, simamisha gari juu ya kioo, chukua kalipa.

Kwenye gasa angalia mambo mawili. Kanuni za NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani, ziliweka mwisho wa urefu wa katikati ya krankshafti kuwa inchi 24 kutoka ardhini, yaani milimita 24.4. Injini nayo iliruhusiwa kurudi nyuma kwa asilimia 10 tu ya umbali wa ekseli hadi ekseli, kipimo kikianzia ekseli ya mbele hadi tundu la plagi ya kwanza. Kwa Willys ya 1941 hiyo ni kama milimita 10.6. Ukikuta plagi ya kwanza iko milimita 18 nyuma ya ekseli, ama seti ina kosa au unaunda gari la daraja jingine.

Pua kupanda mno ndilo kosa linaloonekana zaidi mezani. Magari ya maonyesho ya siku hizi huinuliwa kupita kiasi kwa sababu yanapendeza, na modeli zinayaiga. Gasa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilikaa chini kuliko watu wanavyodhani.

Injini za Hemi zinafanana. 392 na 426 nazitofautishaje?

Hemi ni injini za Chrysler, na namba ni ujazo wake kwa inchi za ujazo. Tazama distribyuta au magneto, kifaa kinachopeleka umeme kwenye plagi, iko wapi. Kwenye Chrysler 392, ya 1957 na 1958, iko nyuma, karibu na giaboksi. Kwenye 426, iliyotoka 1964, iko mbele upande wa kulia, imelala kwa pembe. Seti nyingine zina injini moja iliyobandikwa jina la nyingine, hivyo amini mahali pa magneto kuliko maandishi ya boksi. Na 426 ndani ya dragsta ya 1961 ni kosa lisilo na utetezi.

Plagi za Hemi zinaingia katikati ya vifuniko vya valvu, nne kila upande. Haziingii ubavuni kama za Chevrolet.

Naunganishaje waya za plagi?

Hesabu kwanza. Distribyuta yenye koili ya pembeni ina waya 9: nane za plagi na moja ya koili katikati. Magneto za enzi hizo, kama Vertex, zina koili ndani, kwa hiyo waya nene ni 8 tu. Ukiweka ya tisa kwenye magneto, anayejua atakucheka kimyakimya.

Waya halisi ina unene wa milimita 7 hadi 8, ambao kwenye 1/25 ni 0.28 hadi 0.32. Waya nyingi zinazouzwa kwa modeli zina nusu milimita na zaidi, zikionekana kama mabomba ya maji. Nyaya za ndani za spika za masikioni, au zile nyembamba zenye ganda zilizoko kwenye kompyuta mbovu, hukaribia zaidi.

Toboa matundu nane kwenye kifuniko cha magneto kwa keekee ya mkono ya milimita 0.35 au 0.4, kina cha milimita moja. Weka alama kwa ncha ya sindano kwanza, la sivyo keekee itateleza na kuvunjika. Kata waya nane za milimita 40. Gundisha upande wa magneto peke yake, tone dogo la supagluu kwa ncha ya sindano, acha saa nzima. Ndipo uzipeleke kwenye plagi moja moja na kukata ziada.

Mpangilio wa moto wa Hemi ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Silinda za namba witiri ziko kushoto kwa dereva, za shufwa kulia, zikihesabiwa kutoka mbele. Waya zikifichwa na bloa, pampu inayosukuma hewa ndani ya injini, si lazima ufuate mpangilio wote, lakini zisiende nne nne kwa mstari kama meno ya kitana. Kwenye injini halisi zinapishana.

Bloa ya 6-71 iwe rangi gani?

Ya alumini mbichi au iliyong'arishwa, karibu kamwe si ya kromu. Asili yake ni injini ya dizeli ya GMC yenye silinda 6 za inchi 71 za ujazo kila moja, na jina likatoka hapo. Paka alumini, kisha wino mweusi mwembamba sana kwenye mikunjo. Mkanda wake ni mpira mweusi usiong'aa.

Sehemu za kromu za seti niziache?

Ziondoe karibu zote. Kromu ya kiwandani ni nene, inaficha mikunjo na kukataa gundi. Hasara kubwa zaidi ni kwamba inafanya kila chuma kifanane. Gari halisi lilikuwa na alumini, magnesiamu, chuma cha pua na kromu kidogo, na kila kimoja kilitoa mng'ao wake.

Jiki ya kufulia inafanya kazi. Zamisha sehemu kwenye chombo cha plastiki, dakika 10 hadi 30, suuza. Usichanganye na siki, amonia wala dawa ya choo, kwa sababu hewa inayotoka ni sumu. Chini ya kromu huenda ukakuta tabaka la vanishi linalonata. Lisugue kwa mswaki na sabuni, na likigoma acha likauke siku mbili ulipige msasa mwepesi.

Ringi ndizo za kufikiria zaidi. Za Halibrand na za awali za American Racing zilikuwa za magnesiamu: kijivu kilichofifia chenye rangi kidogo ya udongo, na kadiri zilivyozeeka ndivyo zilivyopauka. Ringi za kromu za Cragar S/S zilitoka 1964, kwa hiyo gari la 1962 lisivae.

Matairi ya nyuma yanang'aa kama viatu vya shule. Nifanyeje?

Msasa wa namba 320, mkavu, zungusha tairi mpaka mng'ao wote na mshono wa katikati uishe. Haya ni matairi ya vipara, hayana kashata, na mpira wake uliungua kila mbio, hivyo sehemu inayogusa ardhi iwe ya kijivu kuliko ubavu.

Jambo zito ni jingine. Matairi laini ya vinaili hutoa mafuta yanayoyeyusha polistaireni polepole. Ukifungua boksi la miaka ya 1960 ukakuta tairi limezama ndani ya kioo au mwili, sababu ni hiyo. Kwenye boksi, yatenge kwenye mfuko wake. Kwenye modeli, zungushia ringi ukanda wa foili ya alumini kabla ya kuvisha tairi.

Rangi ya kendi, ile nyekundu kama tufaa la sukari, inapatikanaje?

Ni tabaka tatu: metali chini, rangi inayopitisha mwanga katikati, klia (vanishi isiyo na rangi) juu. Fedha chini hutoa wekundu baridi, dhahabu hutoa wekundu wa moto.

Osha mwili kwa sabuni ya vyombo, kausha. Puliza praima ya kijivu mara mbili nyepesi, subiri siku, piga msasa wa maji 1000 mpaka 1500. Puliza fedha laini kabisa. Rangi za metali za gereji hazifai, kwani punje zake kwenye skeli ya 1/25 zinaonekana kama mchanga. Kisha kendi, kwa mfano Tamiya X-27, nyekundu inayopitisha mwanga, iliyochanganywa kwa brashi ya hewa, mara 4 hadi 6 nyepesi, ukiacha dakika 15 katikati. Kila tabaka linaongeza wekundu, hivyo boneti, milango na mwili vipulizwe pamoja, vikiwa mahali pake, idadi ileile ya tabaka. Ukipuliza boneti kesho yake haitalingana kamwe. Klia mara mbili au tatu, acha wiki nzima, ndipo ung'arishe.

Madoa meusi kwenye kona yanatokana na kupuliza karibu mno au kurudia palepale. Anza kupuliza nje ya gari, maliza nje ya gari.

Naweza kutumia rangi ya duco ya gereji?

Unaweza, juu ya praima iliyokauka vizuri. Tina ya duco inakula polistaireni tupu na kuacha uso uliojaa nyufa kama tope lililokauka. Tabaka mbili za kwanza ziwe karibu kavu, kama vumbi.

Mwambao ni mgumu kidogo. Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, tina inayokauka haraka hupoza uso, unyevu wa hewani unaganda hapo, rangi inageuka ukungu mweupe. Puliza mchana baada ya saa saba, hewa ikiwa kavu kuliko asubuhi, au tumia tina inayokauka polepole. Ukungu ukishatokea, pitisha tina ya polepole peke yake, nyepesi mno, na mara nyingi unaondoka.

Plastiki ikiwa nyekundu, puliza fedha kwanza kabla ya rangi nyeupe au njano. Bila hivyo wekundu utapanda juu, wakati mwingine baada ya wiki kadhaa.

Maelekezo ya rangi ya kwenye boksi yanaaminika?

Hapana. Chukua Ford Thunderbolt ya 1964, yaani Fairlane yenye injini ya 427. Zilitengenezwa 100: 11 za kwanza zilikuwa za rangi ya damu ya mzee, zilizobaki nyeupe. Boksi likisema nyeupe inakubalika, lakini si kwa kila gari, na baadaye wenye magari walijichorea watakavyo. Kati ya taa nne za mbele, mbili za katikati ziliondolewa, pakawekwa wavu unaopeleka hewa kwenye kabureta. Ukiziacha taa nne zenye vioo, umeunda Fairlane ya kwendea sokoni.

Stika zimekuwa za njano au zinapasuka majini.

Za njano: zibandike kwa tepu ndani ya kioo cha dirisha, uso ukielekea jua, siku kadhaa hadi wiki mbili. Kwenye mvuke wa bafuni zisikae. Zinazopasuka: jaribu kwanza kipande usichokihitaji. Kikivunjika, paka karatasi nzima Liquid Decal Film ya Microscale, kisha kata kila stika karibu na mstari wake kwa sababu filamu sasa ni moja.

Bandika juu ya uso unaong'aa tu. Micro Sol hulainisha stika ilale kwenye mikunjo. Itajikunja vibaya kwa dakika chache, usiiguse.

Maandishi ya magari hayo yaliandikwa kwa mkono, kama ya daladala na matatu kabla ya stika za kompyuta. Kivuli kisicholingana sana upande wa kushoto na kulia si kosa la mchapaji.

Makosa gani ya enzi huonekana mara nyingi?

Ekzosi zinazopinda kwenda juu zilienea katikati ya miaka ya 1960. Kabla ya hapo zilielekea chini au nyuma. Mipira ya mafuta ya wavu wa chuma yenye viungo vyekundu na buluu ni ya miaka ya 1970 na kuendelea. Gari la 1960 lina mpira mweusi na kibanio. Ukiunda uwanja pamoja na gari, mti wa taa za kuanzia ulikuja 1963. Kabla yake, mtu alisimama na bendera.

Chanzo cha mengi ya haya ni kuiga gari lililokarabatiwa. Makumbusho ya Wally Parks NHRA huko Pomona na ya Garlits huko Ocala, Florida, ni hazina kwa umbo la chasisi na upana wa mabomba. Kwa mipira, mikanda na matairi, rudi kwenye picha ya siku ile, kwani gari linaloendeshwa leo hufungwa vifaa vya usalama vya leo.

Gundi gani kwa kitu gani?

Gundi ya maji ya polistaireni kwa plastiki na plastiki, baada ya kukwangua rangi. Supagluu au Araldite kwa resini na chuma, maana gundi ya plastiki haishiki resini kabisa. Vioo vishikwe kwa gundi nyeupe ya maseremala: mvuke wa supagluu huacha ukungu usiofutika. Vumbi la resini ni hatari kwa mapafu, lipige msasa ukiwa umelowesha, na barakoa usoni.

Gari linasimama kwa matairi matatu.

Chasisi imepinda, hasa zile ndefu za manati. Izamishe kwenye maji ya moto yasiyochemka, kama nyuzi 60, dakika moja, ibane juu ya kioo bapa mpaka ipoe. Kama gundi imeshakauka na rangi imepakwa, usirudi kwenye maji: tia kipande cha plastiki cha milimita 0.25 kati ya ekseli na springi upande ulioinuka. Kwenye gasa halitaonekana. Kwenye manati litaonekana, basi jaribisha kwenye kioo kila unapoongeza kipande.